Wauguzi Walivyokabidhiwa Wagonjwa Mahututi

Mwezi Machi 2020, korona ilipoingia Afrika Mashariki, gumzo kubwa lilikuwa mashine za kupumulia. Watafiti nchini Kenya walipiga hesabu wakakuta nchi nzima ina vitanda 537 vya ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, na mashine 256, na kati ya kaunti 47 ni 22 tu zilizokuwa na angalau ICU moja. Takwimu hizo zilijadiliwa sana na kuwatisha wengi. Ila waliokuwa wakifanya kazi wodini walikuwa na swali jingine: mashine ikishafungwa, nani atakaa nayo saa nane za usiku?

Swali hilo limeulizwa kwa zaidi ya miaka 70 sasa. Kila lilipopata jibu zuri, jibu lilikuwa muuguzi mwenye leseni na uzoefu, aliyerudishwa darasani kufundishwa jambo moja kwa undani, kisha akapewa ruhusa ya kulitenda bila kumsubiri daktari. Huo ndio ubobezi katika uuguzi, na historia yake inastahili kujulikana kuliko inavyojulikana.

Wazo la kuwaweka walio hoi mahali pamoja ni la zamani. Florence Nightingale, aliyewahudumia majeruhi wa Vita vya Crimea huko Scutari kuanzia 1854, aliandika baadaye juu ya umuhimu wa kuwa na chumba karibu na cha upasuaji kwa ajili ya waliotoka kupasuliwa. Mwaka 1923 daktari wa upasuaji wa ubongo Walter Dandy alitenga vitanda vitatu vya namna hiyo katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Lakini kilicholeta mageuzi ni janga.

Kiangazi cha 1952 jiji la Copenhagen, Denmark, lilikumbwa na polio kali, ile inayopooza hadi misuli ya kumeza na kupumua. Wagonjwa walipelekwa Hospitali ya Blegdam, iliyokuwa ya magonjwa ya kuambukiza. Siku za kilele waliingia watu wapatao 50 kwa siku. Hospitali ilikuwa na pafu moja la chuma, yaani pipa kubwa ambalo mgonjwa hulazwa ndani yake kichwa kikibaki nje, pamoja na vifaa sita vya kufunga kifuani. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliosaidiwa kwa vifaa hivyo, 27 walifariki.

Mkuu wa hospitali, H. C. A. Lassen, alikubali kumwita daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, ingawa siku hizo watu wa usingizi hawakuwa na shughuli nje ya chumba cha upasuaji. Tarehe 27 Agosti aliletewa binti wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Alitobolewa koo, ukapitishwa mrija, na Ibsen akaanza kumpumulia kwa kuminya mfuko wa mpira wenye oksijeni. Binti yule alinusurika. Njia ikawa imepatikana, lakini ilihitaji mikono ya watu, kwa kila mgonjwa, kila dakika, mchana na usiku. Wanafunzi wapatao 1,500 wa udaktari na wa tiba ya meno waliitwa kuminya mifuko hiyo kwa zamu. Vifo vilivyokuwa asilimia 87 vilishuka hadi kwenye 40 hivi. Desemba 1953 Ibsen akafungua katika Hospitali ya Manispaa ya Copenhagen kitengo ambacho wanahistoria wengi wanakihesabu kuwa ICU ya kwanza duniani.

Wanafunzi wale husifiwa, na wanastahili. Lakini janga lilipopita walirudi chuoni. Waliobaki na wagonjwa wenye mirija kooni ni wauguzi, na kazi hiyo haikuwamo katika mafunzo yao ya awali.

Chukua jambo moja tu, kufyonza makohozi. Mgonjwa mwenye mrija kooni hawezi kukohoa yakatoka. Muuguzi humwongezea kwanza oksijeni, huvaa glavu safi, hupitisha mpira mwembamba ndani ya mrija bila kufyonza, kisha hufyonza huku akiutoa, akiuzungusha kwa vidole, na yote hayo yasizidi sekunde 15. Jicho moja liko kwenye mapigo ya moyo. Akichelewa, mgonjwa anakosa hewa. Akizidisha nguvu anajeruhi njia ya hewa, na akisahau usafi kesho kuna nimonia. Hili ni dogo kati ya mengi, na hakuna anayelijua kwa kuwa tu ana cheti cha uuguzi wa jumla. Hufundishwa kitandani kwa mgonjwa, na mtu anayelijua, tena na tena.

Hatua ya pili ilipigwa Marekani, na safari hii suala lilikuwa moyo. Kufikia 1960 dunia ilishajua kuushtua moyo kwa umeme kupitia ngozi ya kifua na kuukanda bila kumpasua mtu. Wagonjwa wa shambulio la moyo waliendelea kufa vilevile wodini. Sababu ilikuwa muda. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Muuguzi alipogundua alikimbia kumwita daktari, naye alipofika, mara nyingi alifika kwa maiti.

Mwaka 1962 daktari Hughes Day alifungua kitengo cha wagonjwa wa moyo katika Hospitali ya Bethany, Kansas City. Wakati huohuo, katika Hospitali ya Presbyterian jijini Philadelphia, daktari Lawrence Meltzer na muuguzi Rose Pinneo walikuja na hoja nzito zaidi: kitengo cha aina hii kijengwe kumzunguka muuguzi. Yeye ndiye aliyepo muda wote. Basi afundishwe kusoma mistari ya umeme wa moyo, autambue mdundo unaotangulia kifo, na moyo ukivurugika aushtue mwenyewe papo hapo.

Leo hoja hiyo haimshtui mtu. Wakati ule iligusa mpaka uliolindwa sana, kwani kutambua ugonjwa na kuagiza tiba vilikuwa vya daktari peke yake. Pinneo na wenzake waliuvuka mpaka huo kwa mafunzo. Mwaka 1965 yeye, Meltzer na mwenzao Kitchell walichapisha kitabu cha uangalizi wa wagonjwa wa moyo kilichoandikwa mahsusi kwa wauguzi. Mwaka 1967 Thomas Killip na John Kimball wa New York walitoa taarifa ya wagonjwa 250 waliotibiwa katika kitengo cha aina hiyo: kwa wale ambao hawakuwa wameingia kwenye mshtuko wa kuporomoka kwa presha, vifo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 26 hadi 7. Kwangu mimi hii ndiyo takwimu kubwa kuliko zote katika historia hii. Mashine za kushtua moyo zilikuwapo tangu awali. Kilichoongezeka ni jicho la muuguzi aliyefundishwa na ruhusa mkononi mwake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1969 wauguzi wa Marekani waliunda chama cha wauguzi wa moyo, na miaka miwili baadaye wakakipanua kiwe cha wauguzi wa wagonjwa mahututi wote. Mtihani wake wa kitaifa wa ubobezi ulianza 1976. Kwa England na Wales, bodi maalumu iliundwa 1970 kusimamia kozi za wauguzi waliokwisha kusajiliwa. Ililenga kuondoa utaratibu wa kila hospitali kujitungia kozi yake na kutoa cheti ambacho hospitali jirani haikukitambua.

Kwetu mambo yalianzia mbali. Mwaka uleule wa 1952, Copenhagen ikihangaika na polio, jijini Nairobi Hospitali ya King George VI, ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ndiyo kwanza inaanza kufundisha wauguzi wa kusajiliwa. Mwaka 1968 chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha stashahada ya juu ya uuguzi kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na wahitimu wake wakawa walimu na viongozi wa fani. Polepole ngazi zikaongezeka. Leo Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, kinatoa stashahada ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi kwa wauguzi wenye leseni na uzoefu wa wodini, na nchini Tanzania Chuo Kikuu cha Muhimbili, MUHAS, kina shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili nayo ilifungua idara kamili ya dharura mwaka 2010, mwaka ambao mafunzo ya madaktari bingwa wa dharura yalianza hapo.

Ni Muhimbili pia ambako ulifanyika utafiti ambao ningependa kila mkurugenzi wa hospitali ausome. Matokeo yake yalichapishwa 2015. Katika ICU ya pale watafiti wa Tanzania na Sweden waliweka utaratibu rahisi sana: presha, mapigo, upumuaji na oksijeni viliwekewa mipaka ya hatari. Kipimo kikivuka mpaka, muuguzi haishii kukiandika kwenye chati. Anachukua hatua iliyokubaliwa: anatoa oksijeni, anafungulia dripu, anaita msaada. Watumishi walifundishwa, chati zikabadilishwa. Vifo kwa jumla havikupungua kwa kiasi cha kujivunia. Lakini kwa wagonjwa walioletwa presha ikiwa imeshuka vibaya, vilitoka asilimia 92 hadi 69. Hakukununuliwa mtambo wa mabilioni. Ni wazo lilelile la Philadelphia: anayeona hatari kwanza aruhusiwe kuikabili kwanza.

Mafunzo haya hayapaswi kuishia kwenye mlango wa ICU. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2025, uliohusisha karibu wagonjwa 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ulikuta mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa yu mahututi, na asilimia 69 ya mahututi hao walikuwa katika wodi za kawaida. Mmoja kati ya watano wao alifariki ndani ya siku saba. Maana yake, muuguzi wa wodi ya kinamama au ya upasuaji katika hospitali ya wilaya anauguza wagonjwa mahututi kila wiki, awe amefundishwa au la, na mara nyingi yuko peke yake na wagonjwa wengi mno.

Kuna jambo linaloniuma katika haya yote. Muuguzi anaomba ruhusa, anasoma, pengine kwa mkopo na familia ikivumilia, anafaulu. Anarudi kazini na kukuta mshahara uleule, cheo kilekile, na ratiba inayompangia kliniki ya wagonjwa wa nje. Mwaka wa pili anaanza kutafuta kazi Uingereza au nchi za Ghuba. Mwezi Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitiliana saini mkataba wa ajira kwa wahudumu wa afya, na hakuna wa kumlaumu muuguzi anayekwenda kuthaminiwa inakojulikana thamani yake.

Ombi langu ni kwa mabodi ya hospitali, waganga wafawidhi na wizara za afya za nchi zetu. Katika kila bajeti inayonunua mashine ya kupumulia, wekeni ndani yake ada ya mafunzo ya wauguzi watakaoisimamia kwa zamu zote. Wanaporudi, wapangeni katika vitengo walivyosomea, walipeni kwa ubobezi wao, na waandikieni waziwazi ni hatua gani wanaruhusiwa kuchukua kabla daktari hajafika.