Vijana wa Kujitolea Dhidi ya Ulanguzi wa Binadamu: Kazi Yao ni Ipi na Mipaka Yao Iko Wapi

Kila mwaka tarehe 30 Julai dunia huadhimisha Siku ya Kupinga Ulanguzi wa Binadamu, siku iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2013. Hapa Pwani siku hiyo huwa na matembezi, fulana na hotuba. Jioni ikifika, viti hukunjwa na wageni waheshimiwa hurudi makwao. Wanaobaki na kazi ni vijana wa kujitolea. Hawa ndio wanaopigiwa simu usiku na mama ambaye binti yake Saudia hapatikani, na ndio wanaokwenda kwa chifu kuuliza habari za mtoto aliyetoweka shuleni.

Wengi wetu tunawasifu bila kujua hasa wanafanya nini. Wapo wanaodhani kazi yao ni kuvunja milango na kuokoa watu kama kwenye filamu. Makala haya yanaeleza kazi hiyo ilivyo, sheria inayoisimamia, na kile ambacho vijana hawa hawapaswi kufanya hata wakiombwa.

Ulanguzi ni nini hasa

Maana inayotumika duniani imetoka katika Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa, iliyopitishwa Novemba 2000. Kenya ilijiunga nayo mwaka 2005. Itifaki hiyo inataka mambo matatu yatimie. La kwanza ni kitendo: kumwajiri mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumficha au kumpokea. La pili ni njia iliyotumika: nguvu, vitisho, hadaa, au kuutumia vibaya unyonge wake. La tatu ni lengo, yaani kumnyonya, iwe kwa kazi ya kulazimishwa, ukahaba, utumwa au kutolewa viungo vya mwili.

Kwa mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, hilo jambo la pili halihitajiki. Ukimchukua mtoto kwa lengo la kumnyonya, hata kama hukumdanganya wala kumtisha, huo ni ulanguzi. Na hata kwa mtu mzima, kusema "alikubali mwenyewe" hakumwokoi mlanguzi iwapo kukubali huko kulipatikana kwa hadaa.

Jambo hili pia ni tofauti na kuvusha watu mpakani kimagendo. Anayevushwa hulipa, akafika, na biashara ikaisha pale. Anayelanguliwa, akifika ndipo biashara inapoanza. Tena si lazima mpaka uvukwe. Msichana aliyetolewa kijijini Kwale au Kilifi akaja kufungiwa katika nyumba ya mtu Mombasa, akafanyishwa kazi bila mshahara, amelanguliwa sawasawa na aliyepanda ndege.

Sheria yetu ni ile ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu, nambari 8 ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Oktoba 2012. Adhabu yake si ndogo: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Akirudia, ni kifungo cha maisha.

Vikundi vya vijana huanzaje

Mfano unaojulikana sana ni wa Marekani. Mwaka 2002 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Brown, Katherine Chon na Derek Ellerman, walianzisha shirika wakaliita Polaris, jina la ile nyota ya kaskazini ambayo watumwa waliotoroka Marekani waliifuata njiani usiku. Kuanzia mwaka 2007 shirika hilo likaendesha kwa miaka mingi simu ya taifa ya kuripoti ulanguzi.

Hapa Kenya, HAART Kenya lilianzishwa Nairobi mwaka 2010 na limejulikana kwa warsha za mitaani na kwa kuwahudumia manusura. Mombasa tunalo Trace Kenya, ambalo limekuwa katika kazi hii kwa muda mrefu. Chini ya mashirika kama haya, na mara nyingine kando yake kabisa, kuna vikundi vidogo vya vijana vilivyoanzia maskani, timu ya mpira, madrasa au jumuiya ya wanafunzi wa chuo. Wengi husajiliwa kama vikundi vya jamii katika idara ya maendeleo ya jamii. Mali yao huwa simu za wanachama wenyewe, daftari moja, na kuaminiwa na majirani.

Hilo la mwisho ndilo lenye thamani. Mlanguzi mara nyingi si mtu mgeni. Ni shangazi, ni jirani, ni dada aliyerudi kutoka Ghuba na simu nzuri. Mtu anayeaminika hawezi kupingwa na bango la barabarani. Hupingwa na mtu mwingine anayeaminika.

Kazi ya kwanza: kabla ya safari

Wanaopita Kengeleni kila siku huenda hawaulizi jina hilo lilitoka wapi. Kule Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa mwaka 1875, kulikuwa na kengele iliyogongwa kuwatahadharisha watu jahazi la watumwa lilipoonekana. Kazi kubwa ya kijana wa kujitolea leo ni hiyo hiyo ya kengele: kusema mapema, mtu angali hapa nyumbani.

Anayetaka kwenda kufanya kazi Ghuba hahitaji kuhubiriwa kwamba asiende. Ana watoto, ana deni, na hapa kazi hakuna. Mwaka 2014 serikali ilipiga marufuku kuwapeleka wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati. Watu hawakuacha kwenda. Walitafuta njia za panya, na huko njiani hapakuwa na wa kuwauliza hali. Kwa hivyo kijana mwenye busara haanzi na "usiende". Huanza na "hebu nione karatasi zako", kisha hukagua haya:

Wakala ana leseni hai? Mawakala wa ajira za nje husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na orodha yao hutolewa kwa umma. Wakala asiyekuwa na ofisi wala jina katika orodha, bali nambari ya WhatsApp tu, si wakala.

Visa ni ya nini? Ukiambiwa unakwenda kazini lakini visa ni ya utalii, hapo pana jambo.

Kandarasi iko wapi, na imeandikwa kwa lugha unayoielewa? Mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko na jina la mwajiri vyote viwemo. Kwa kazi za nyumbani Saudia, kandarasi hupitia mfumo wa serikali yao unaoitwa Musaned. Wakala asiyeweza kuonyesha kandarasi hiyo aulizwe sababu.

Nyumbani kumebaki nini? Nakala ya pasipoti, ya visa, ya tikiti na ya kandarasi, pamoja na jina na anwani ya mwajiri, vibaki kwa mtu wa familia. Pia wakubaliane neno moja la siri ambalo msafiri akilitamka katika simu, wa nyumbani watajua yuko hatarini hata kama mwajiri amesimama kando yake.

Ukaguzi huu si wa wafanyakazi wa nyumbani peke yao. Mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje iliwatahadharisha Wakenya kuhusu kazi za mtandaoni Thailand. Vijana waliosoma, wenye kuijua kompyuta, walipewa tikiti ya Bangkok kisha wakavushwa hadi Myanmar na kufungiwa katika majengo ya utapeli wa mtandaoni. Diploma haikuwakinga.

Kazi ya pili: watoto wa kwetu

Utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya uliotolewa mwaka 2006 ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika maeneo ya Mombasa, Malindi, Kilifi na Diani walikuwa wakiingizwa katika ngono ya kulipwa. Idadi hiyo ni ya zamani, lakini njia zilizowafikisha pale bado tunaziona: umaskini, shule iliyokatizwa, na mtu mzima anayefumba macho kwa sababu pesa inaingia nyumbani.

Njia nyingine ni ile ahadi ya "nipe mtoto nikamsomeshe". Kulea mtoto wa ndugu ni desturi yetu njema, na wengi wamesomeshwa hivyo. Lakini desturi hiyo ndiyo mlanguzi huvaa kama kanzu. Vijana wanaojitolea hushirikiana na walimu na wazee wa mtaa kuuliza maswali mepesi. Mtoto aliyehamia mjini anasoma shule gani? Mzazi amezungumza naye mwenyewe kwa simu lini? Likizo anarudi? Majibu yakikosekana, habari hupelekwa kwa afisa wa watoto.

Kazi ya tatu: simu inapopigwa

Hapa ndipo penye mtihani. Kijana akipokea habari kwamba kuna mtu amefungiwa mahali, asikimbilie huko na wenzake. Kazi yake ni kusikiliza, kuandika, na kuunganisha. Kuna simu ya watoto 116, haina malipo na iko wazi usiku na mchana. Kuna simu ya bure ya DCI, 0800 722 203. DCI ina kitengo maalumu cha kupambana na ulanguzi na kulinda watoto, chenye ofisi Nairobi na Mombasa.

Wakati huo huo ushahidi ulindwe. Ujumbe wa WhatsApp usifutwe. Risiti za M-Pesa alizolipwa wakala zihifadhiwe. Familia nyingi hufuta kila kitu kwa hasira au aibu, na kesi hufa hapo.

Iwapo kuna ubakaji, manusura apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita ili apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa.

Kazi ya nne: marejeo

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini anayerudi mikono mitupu hapokelewi kama aliyerudi na masanduku. Watu huuliza pesa ziko wapi. Wengine hunong'ona kuhusu alichofanyiwa. Deni la safari bado lipo na aliyekopesha yuko mlangoni.

Kijana wa kujitolea hapa hana jambo kubwa la kufanya isipokuwa kuwepo. Humsindikiza kituo cha polisi, hukaa naye kwenye benchi la hospitali, humkumbusha tarehe ya mahakama ambayo imeahirishwa kwa mara ya tano. Pia humweleza haki ambayo wengi hawaijui: sheria ya 2010 hairuhusu manusura kushtakiwa kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake. Sheria hiyo hiyo iliunda mfuko wa taifa wa kuwasaidia waathiriwa. Ni wajibu wetu kuwauliza viongozi wetu mfuko huo unamfikiaje mtu wa Likoni au Garsen.

Mipaka

Kikundi chochote kizuri huwa na makatazo yake, na haya ndiyo ya msingi.

Usivamie nyumba. Hiyo ni kazi ya polisi, na ukiingia wewe unaweza kuuawa, au ukaharibu kesi.

Usiweke picha ya manusura Facebook wala TikTok, hata ukiwa umemficha macho. Mtaani watu humtambua kwa mlango wa nyumba yao. Sheria ya Watoto ya 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 zote zinakubana.

Usimlaze mtoto uliyempata kwako bila afisa wa watoto kujua, hata nia yako ikiwa safi. Anayekuja kumtafuta hajui nia yako.

Usiahidi usichonacho. Aliyedanganywa mara moja kuhusu kazi asidanganywe tena kuhusu msaada.

Nani anawalipia nauli?

Swali hili huwa tunaliruka. Kijana anayejitolea hulipa tuktuk kwenda kituoni, hununua chai na mkate wa manusura ambaye hajala tangu jana, na hutumia salio lake kupiga simu Nairobi. Naye mwenyewe hana kazi. Mwaka mmoja hivi, anachoka. Tunasema vijana hawana uvumilivu, kumbe hawana nauli. Na yule aliyechoka ndiye wakala bandia atakayemfuata kesho, kwa kuwa anajuana na kila nyumba mtaani.

Sisi Waislamu wa Pwani tuna mlango ambao hatujaubisha. Katika mafungu manane ya wanaostahiki zaka, fungu moja ni la kuwakomboa walio utumwani. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, na wengi tukadhani fungu hilo limebaki la vitabuni. Binti aliyenyang'anywa pasipoti, akafungiwa ndani na kunyimwa mshahara miaka miwili, anaingia humo au haingii? Hilo ni suala la masheikh wetu, si langu. Lakini kamati za misikiti ziwaulize, na zisingoje fatwa kutoa sadaka ya nauli na salio la simu.

Kwa kijana anayetaka kuanza, aanze na mtaa wake: awe na orodha ya mawakala wenye leseni, nambari ya afisa wa watoto wa eneo lake, na wenzake wawili wasiopenda kupigwa picha. Kwa mzazi, kabla ya kusaini chochote, mwite mmoja wao aje aone karatasi. Haitachukua zaidi ya nusu saa.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu walio safarini, na awarudishe salama.