Mwanza na Kisumu: nani aliishi vizuri?

Ukikaa kijiweni pale Kirumba ukaitaja Kenya, hukosi mzee wa kukukumbusha utani wa miaka ya sabini. Sisi tulisema Kenya ni nchi ya mtu kula mtu. Wao wakajibu kwamba Tanzania ni nchi ya mtu kukosa hata cha kula. Utani huo umedumu kwa sababu kila upande uligusa donda. Lakini ukiusikiliza ukiwa hapa ziwani, siyo Dar es Salaam wala Nairobi, unagundua kwamba mabishano yetu mengi yamekuwa ya kilichomo dukani tu. Maisha ni zaidi ya duka.

Ziwa ni moja na samaki ni wale wale. Dagaa wetu, Kisumu wanawaita omena. Sangara wetu ni mbuta wao. Tofauti ilianza na reli. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu, enzi hizo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901. Mwanza ilisubiri reli ya kutoka Tabora hadi 1928. Hapo katikati pamba ya Usukumani ilikuwa inavuka ziwa kwa meli, kisha inapanda treni Kisumu kwenda Mombasa. Kwa hiyo jirani alitutangulia kabla Nyerere na Kenyatta hawajashika nchi. Anayesema ujamaa peke yake ndio uliotuacha nyuma, aanze kuhesabu hapo.

Hata hivyo, ujamaa nao una hesabu zake za kujibu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Katikati ya hapo ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei, na viwanda vya umma vikawa vinazalisha kwa kusuasua. Nilikuwa mtoto Mwanza miaka hiyo. Nakumbuka foleni ya sabuni, unga wa njano, na nguo za shule zikifuliwa kwa majani ya mpapai. Kopo la Kimbo lililopenyezwa usiku kupitia Sirari lilipokelewa nyumbani kama mgeni wa heshima. Mkulima wa Magu alilima pamba mwaka mzima, mkewe akakosa khanga. Hilo halitetewi kwa hotuba yoyote.

Lakini Kenya tuliyoitamani ilikuwa ndani ya lile kopo, na kopo lilitoka Nairobi. Kisumu yenyewe ilikuwa na habari nyingine. Tarehe 25 Oktoba 1969 Kenyatta alikwenda kufungua hospitali ambayo wenyeji waliiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Kukazuka zogo, walinzi wake wakaufyatulia risasi umati, na watoto walikuwa miongoni mwa waliokufa. Baada ya hapo chama cha KPU kilipigwa marufuku na Oginga Odinga akawekwa kizuizini. Kwa miaka mingi watu wa Nyanza walibaki wakilalamika kwamba keki ya taifa inakatwa wao wakiwa nje ya mlango. Sabuni walikuwa nayo.

Usije ukadhani nasema kwetu palikuwa peponi. Katika Operesheni Vijiji familia nyingi zilihamishwa kwa nguvu. Mwaka 1976, hapa Mwanza na jirani zetu Shinyanga, watuhumiwa wa mauaji waliteswa na vyombo vya dola, na wengine wakafia mikononi mwao. Ila Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa ajili hiyo. Marehemu hawakurudi. Lakini kuwa na kiongozi anayebeba lawama ni sehemu ya maisha bora, na kitu hicho hakipangwi foleni dukani.

Siku hizi vijana wameacha sabuni, wanabishana kwa takwimu. Sawa, tuzitazame. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya UNDP ya 2021/2022 iliiweka Kenya nafasi ya 152 na Tanzania ya 160. Pato la mtu kwa mwaka, likirekebishwa kwa bei za kila nchi, lilikuwa kama dola 4,474 kwa Kenya na 2,664 kwetu. Lakini umri wa kuishi ulikuwa miaka 61.4 kwao na 66.2 kwetu. Jamaa wana pesa zaidi, sisi tuna miaka zaidi! Na hata hiyo 61.4 ni wastani tu. Kaunti za ziwani kama Homa Bay, Siaya na Kisumu ndizo zilizobeba mzigo mkubwa wa VVU kuliko kwingine Kenya. Wastani hauishi Kisumu, wala hauishi Mwanza.

Kwa hiyo, msomaji, mtu akikuuliza Kenya na Tanzania wapi kuna maisha mazuri, muulize kwanza: Kenya ya wapi, Tanzania ya wapi? Mvuvi wa Ukara na mvuvi wa Mfangano wanafanana wao kwa wao kuliko kila mmoja anavyofanana na mtu wa Masaki au Karen. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikiwa kimejaza kupita kiasi, kilizama karibu kabisa na Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Waliozika siku zile hawakuwa na haja ya kujua nchi yao ni ya ngapi duniani. Walihitaji kivuko kinachofika.