China: nchi ya mbali iliyoingia katika historia ya reli na shaba ya Kongo

Wakaaji wengi wa Kamina wanaijua China kwa simu, pikipiki na ndala zinazouzwa sokoni. Historia yake haijulikani sana.

China iko Asia ya mashariki, na mji wake mkuu ni Beijing. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba milioni 9.6, mara nne ya Kongo, na wakaaji wake wanapita bilioni 1.4. Ilitawaliwa na wafalme kwa zaidi ya miaka 2,000, hadi mfalme wa mwisho alipoacha kiti mwaka 1912. Kisha vita na Japani, kuanzia 1937 hadi 1945, viliwafanya mamilioni ya Wachina kuwa wahami ndani ya nchi yao wenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1949, Mao Zedong alitangaza Jamhuri ya Watu wa China.

Lakini Wachina walifika Kongo mbele ya hayo yote. Mwaka 1892, wakati wa Leopold wa Pili, karibu 540 waliletwa kutoka Macau kujenga reli ya Matadi hadi Léopoldville. Walikuja kama vibarua. Wengi walikufa kwa magonjwa na kazi ngumu, wengine wakakimbilia porini. Waafrika waliokufa kwenye reli hiyo walikuwa wengi zaidi.

Miaka 80 baadaye, Novemba 1972, Kinshasa na Beijing zilirudisha uhusiano, na Januari 1973 Mobutu alikwenda China. Wachina walisaidia kujenga Palais du Peuple. Wakati huohuo walikuwa wakijenga reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Zambia.

Mwaka 2008 ulikuja mkataba wa Sicomines: Wachina asilimia 68, Gécamines 32. Shaba na kobalti ya Kolwezi ilipaswa kulipia barabara na hospitali. Malalamiko yalikuwa mengi, kwamba madini yanatoka na kazi hazionekani. Machi 2024 mkataba ulirekebishwa: hadi dola bilioni 7 kwa barabara, mpaka mwaka 2040. Ila malipo yanafuata bei ya shaba. Bei ikianguka, pesa ya barabara nayo inapungua.

Mara hii Wachina wanakuja na mtaji. Mkaaji wa Haut-Lomami ana haki ya kuuliza: barabara ipi, itapita wapi, na itamalizika lini?