Waganga wa kike wa China na dozi ya malaria ya Nairobi

Malaria ya Nairobi mara nyingi huja na basi. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huwatatiza mbu wanaoeneza ugonjwa huo. Kwa hivyo wengi wanaoiugua katika mitaa ya Kangemi na Kawangware ni watu waliotoka kuwaona wazazi Busia, Siaya au Kakamega. Katika duka la dawa hupewa pakiti ya dawa ya malaria iitwayo AL. Mtu mzima humeza vidonge 24, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku 3, na huambiwa avimeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta.

Dawa hiyo chimbuko lake ni China, na historia yake haisimuliki sawasawa bila kuwataja wanawake.

Tuanzie Guangzhou, jiji ambalo wafanyabiashara wa Kamukunji na Luthuli Avenue wanalijua vizuri. Wengi wao hufikia Xiaobei, mtaa wa wilaya ya Yuexiu unaojulikana kwa jamii yake ya Waafrika, na karibu na hapo kuna kilima cha Yuexiu. Chini ya kilima hicho lipo hekalu la Sanyuan, linalomkumbuka Bao Gu, mwanamke wa karne ya 4. Alitibu kwa kuchoma majani makavu ya pakanga juu ya ngozi ya mgonjwa au karibu nayo, na inasimuliwa kwamba majani hayo aliyachuma kilimani hapo hapo.

Mumewe, Ge Hong, aliandika kitabu cha tiba za dharura. Humo alielekeza kwamba mwenye homa za vipindi achukue konzi ya qinghao, ailoweke katika maji, aikamue na kunywa maji yake yote. Qinghao ni jamii moja na pakanga ya Bao Gu. Jina lililobaki kwenye jalada ni la mume. Mke alibaki katika masimulizi na kwenye hekalu, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa waganga wengi wa kike wa nchi hiyo. Wasomi waliwaweka wauza dawa na wakunga katika kundi waliloliita “mashangazi 3 na nyanya 6”, wanawake ambao nyumba yenye heshima ilionywa isiwafungulie mlango. Lakini mgonjwa wa kike aliyeona haya kuguswa na daktari mwanamume angemwita nani?

Tan Yunxian, aliyezaliwa Wuxi mwaka 1461, alibahatika kuandika mwenyewe. Nyanyake, aliyekuwa mganga, ndiye aliyemfundisha na kumwachia vitabu. Mwaka 1511 alikusanya visa 31 vya wanawake aliowatibu, akampa mwanawe aunakili mswada ili uchapishwe. Kati ya wagonjwa wake yumo mwanamke wa mashua aliyeshika usukani usiku na mchana hadi mikono ikafa ganzi. Kwangu mimi, kisa hicho kinazidi sifa zote za matabibu wa ikulu, kwa maana Tan alimuuliza mgonjwa anafanya kazi gani kabla ya kutafuta dawa.

Miaka 450 hivi baadaye tunamkuta mtafiti wa dawa Tu Youyou, aliyezaliwa Ningbo mwaka 1930. Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza askari wa Vietnam Kaskazini. Tu alikabidhiwa kikundi chake mwaka 1969. Mumewe alikuwa amepelekwa kufanya kazi mashambani, naye akalazimika kuwaacha binti zake wadogo kwa walezi. Alikusanya fomula 2,000 za kale na kujaribu mmea baada ya mmea. Qinghao ilifanya kazi leo, kesho ikakataa.

Ndipo akarudi kusoma maneno ya Ge Hong: kuloweka na kukamua. Hakuna palipotajwa kuchemsha! Moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia etha, inayochemka kwa nyuzi 35 tu, na tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli nambari 191 iliua vimelea vyote katika panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili waliinywa kwanza ndipo wagonjwa wakapewa.

Ripoti ya kitaalamu ilipochapishwa mwaka 1977 haikuwa na jina la mtafiti yeyote. Kenya ilichagua AL, dawa yenye asili katika qinghao hiyo, mwaka 2004 baada ya dawa za awali kushindwa na vimelea, na hospitali za umma zikaanza kuitoa mwaka 2006. Katikati hapo, mwaka 2005, watafiti Louis Miller na Xin-zhuan Su waliuliza mkutanoni Shanghai ni nani aliyeigundua dawa ya qinghao. Hakuna aliyejua. Mwaka 2010 utafiti katika nchi 9 za Afrika, Kilifi ya Kenya ikiwa kituo kimojawapo, ulionyesha kwamba kati ya watoto 5,425 wenye malaria kali, waliodungwa atesuneti, dawa ya ukoo huo huo, walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 22.5 kuliko waliopewa kwinini.

Tu Youyou alitangaziwa Tuzo ya Nobel Oktoba 2015, akiwa na umri wa miaka 84. Hospitali zetu zilikuwa zimekwisha kuitoa dawa iliyotokana na ugunduzi wake kwa miaka 9.