Chango la kike
Bibi yangu alikuwa kungwi, hapa Palma, Msumbiji. Mwali akijikunja kwa maumivu ya mwezi, bibi alilaza kitambaa juu ya kifuniko cha chungu kilichokuwa jikoni, akakikunja mara nne, akakikandamiza chini ya kitovu cha mtoto. "Chango hilo, mjukuu wangu. Ukizaa litatulia."

Chango ni utumbo, ni mnyoo wa tumboni, tena ni maumivu ya mwanamke. Wazee wetu hawakuyatenga. Aliyesema haja kubwa inamchoma kila aingiapo mwezini hakuonekana mzushi. Neno lake lilikuwepo. Ila unyagoni tulifundishwa pia kwamba damu haitajwi mbele ya mwanamume, na waganga wa zahanati wengi walikuwa wanaume.

Huko Vienna, Karl von Rokitansky aliandika mwaka 1860 juu ya nyama kama ya ndani ya mji wa mimba iliyoota mahali pasipo pake. Ndiyo endometriosisi. Ikishika utumbo, yaweza kuvuja damu mwezi kwa mwezi. Mwaka 1925 Mmarekani John Sampson aliweka masharti ya kutambua saratani iliyozaliwa humo: nyama hiyo na saratani vikutwe mahali pamoja, na saratani isiwe imetoka kwingine. Mwaka huo mkoa wetu wa Cabo Delgado ulikuwa bado mikononi mwa Kampuni ya Niassa, iliyotawala hadi 1929, na bibi zetu waliijua kwa kodi ya kibanda.

Saratani hiyo ni adimu, na mara nyingi hushika kifuko cha mayai. Ya utumbo ni adimu zaidi. Tena hujificha: huanzia nje ya utumbo ikiingia ndani, kwa hiyo kamera ya daktari yaweza kuona ukuta safi. Hutambulika kwa kipande cha nyama chini ya hadubini.

Shangazi yangu alipewa dawa za minyoo miaka na miaka. Hakuna aliyekata kipande. Waliomwosha walisema kauawa na chango.

Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, tulikimbilia mji wa Pemba, huku huku Cabo Delgado, kwa mashua. Usiku mmoja, nyumba ya jirani, nilisikia binti analia, nikamkuta mama yake anapasha kitambaa. Nikamuuliza binti lile ambalo bibi hakuuliza kamwe: "Mwanangu, ukiwa mwezini, ukienda haja, damu inatoka na huko?"

Alimtazama mama yake kwanza. Kisha akaitikia kwa kichwa.