Zélie wa Alençon: sindano, ndoa na nia

Haya ni yenu hasa, maharusi mnaokuja kupimwa magauni msimu huu.

Mkichagua lesi ya shela mtasikia muuzaji akisema, "Hii ni Alençon." Nyingi tunazouziwa huku ni za mashine, zinaiga tu. Alençon yenyewe ni mji wa Normandy, Ufaransa, na lesi yake ya asili ni ya sindano tupu. Leo nataka kuwahadithia mwanamke mmoja wa mji ule. Alikuwa Mkatoliki, dini yake si yetu, lakini swali lake tunalijua: kazi ya kutafuta riziki inakuwaje ibada? Sisi tangu chuoni tumefundishwa kuwa amali huenda na nia, na Imam Bukhari hadithi hiyo ameiweka mwanzo kabisa wa kitabu chake. Yeye alifika hapo kwa njia ya kwao.

Aliitwa Zélie Guérin, alizaliwa 1831. Usichana wake alitaka kuwa mtawa, akakataliwa. Zama zile, kwa Wakatoliki wengi, aliyetaka kumkaribia Mungu hasa alikwenda utawani; ndoa na biashara ni vya watu wa kawaida. Zélie akajifunza lesi, na mwaka 1853 akafungua biashara yake mwenyewe. Mwaka 1858 akaolewa na Louis Martin, fundi saa, ambaye naye aliwahi kutaka utawa akashindwa kwa sababu hakujua Kilatini. Wawili waliorudishwa mlangoni wakajenga nyumba moja.

Sasa nisimulie kazi, maana hapa ndipo ninapopapenda. Uzi ni wa kitani, mwembamba mno. Sentimita moja ya mraba huchukua kiasi cha saa 7. Kila mwanamke alishona kipande kidogo nyumbani kwake, kama mama zetu wanavyoshona kofia za viua wakiwa majumbani. Alhamisi walimletea Zélie vipande, akavipokea na kuwapa kazi nyingine. Kazi aliyojiwekea mwenyewe ilikuwa kuviunganisha, mshono usionekane kabisa. Fundi yeyote anajua maana yake: ukiifanya sawasawa, hakuna atakayejua kuwa umefanya kitu. Mteja ataisifu lesi, mshono wako hatauona. Kazi ya namna hiyo inakuuliza unamfanyia nani.

Yeye na mumewe walikuwa kanisani kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla mji haujaamka, halafu ndiyo siku inaanza: oda, watoto, jikoni, barua. Katika mafundisho yao, Mkristo anaweza kumtolea Mungu kazi ya siku nzima tangu asubuhi, na mchana akaikumbuka nia ile katikati ya shughuli. Jumapili Louis alifunga duka, ingawa ndiyo siku watu wa mashamba waliingia mjini na pesa zao. Mnaofunga duka Ijumaa mchana huku mteja yuko mlangoni mtamwelewa.

Lakini msidhani nia iliifanya kazi kuwa tamu. Barua zake zimebaki nyingi, na ndani yake analalamika. Oda zikizidi anajiona mtumwa, lesi inamla usiku wake; oda zikikosekana anahofia mahari za mabinti. Mimi hayo ndiyo yaliyonifanya nimwamini. Kuna mawaidha yanayotwambia ukitia nia safi hutachoka. Zélie alichoka, na asubuhi akarudi kwenye sindano.

Na alipata mitihani. Watoto 9 alizaa, na kati ya 1867 na 1870 alizika 4. Alipoambiwa na watu kwamba ingekuwa heri asingewazaa, alilikataa neno hilo. Mwaka 1870 mumewe akauza duka lake la saa akaingia kwenye biashara ya mkewe, akawa anashughulikia oda na safari za Paris. Maharusi, hapo nawaomba msome mara mbili, hasa wale mnaoambiwa mkishaolewa cherehani iuzwe. Bwana yule hakuona haya kufanya kazi chini ya jina la lesi ya mkewe.

Nyumbani mabinti wake walikuwa na kamba ya punje, mfano wa tasbihi, wakivuta punje moja kila walipofanya jema dogo au kujinyima kitu kwa ajili ya Mungu. Kitinda mimba, Thérèse, alikuwa bado mdogo sana, na mama akaandika kwa kucheka jinsi anavyotia mkono mfukoni mara kwa mara kuvuta punje yake.

Zélie alifariki kwa saratani ya titi Agosti 1877, ana miaka 45. Thérèse alikuwa na miaka 4. Mabinti wote 5 waliobaki waliishia utawani. Thérèse aliingia na miaka 15, akafa 1897 na miaka 24, na maandishi yake yaliyotoka mwaka uliofuata yakasambaa dunia nzima: alifundisha kumwendea Mungu kwa mambo madogo ya kila siku yanayofanywa kwa mapenzi. Kanisa lao likamtangaza mtakatifu 1925. Wazazi wake walisubiri hadi 2015, wakatangazwa pamoja, mke na mume, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kabla yao. Fundi saa na mshona lesi.