Vigae vya Mikese na Mwaka wa 1863

Mjomba wangu wa Mikese ana debe la mafuta lililojaa vigae. Vingi ni vya vyungu vya udongo, vingine vya sahani zilizotoka ng'ambo, na chini kabisa pana kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake mna shanga chache nyekundu zenye moyo mweupe. Vyote vimetoka shambani kwake, vikitolewa na jembe katika muda wa miaka arobaini. Nilipomwomba kigae kimoja nije nacho Unguja, alinitazama kama mtu aliyeombwa jino. "Mpwa wangu," alisema, "hivi si vyangu. Mimi naviangalia tu."

Mimi si mwanaakiolojia. Masomo yangu ya darasani yaliishia la saba, hapo hapo Mikese, ambako marehemu baba alikuwa katika genge la reli. Mengine nimeyaokota vitabuni, na Kiingereza changu nilikipata kwa kamusi na taa ya chemli. Lakini debe lile limenisumbua kwa muda mrefu. Wasomaji wa jarida hili tumezoea kuzungumza habari za magofu ya pwani: Kaole, Kua, Songo Mnara, Unguja Ukuu. Tunayatungia mashairi, na tukiona bahari imekula ukuta mmoja tunalia. Swali langu leo ni dogo: je, urithi wa pwani unaishia pale maji ya chumvi yanapoishia?

Mikese ipo kilomita kama 30 mashariki ya mji wa Morogoro, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam, na milima ya Uluguru inaonekana upande wa kusini. Msafiri wa basi huipita akiwa usingizini. Lakini katika karne ya 19, aliyetoka Bagamoyo na mzigo kichwani hakuipita hivyo. Richard Burton na John Speke, walipokwenda bara mwaka 1857, walifuata njia ya kusini iliyopita Zungomero katika nchi ya Wakutu. Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone, alifuata njia ya kaskazini katika masika ya mwaka 1871, akapiga kambi Mikese, nalo jina akaliandika kwa namna yake ya kuongeza herufi asizozihitaji. Kutoka Bagamoyo hadi Simbamwene, mji wa ngome uliojengwa na Kisabengo, Mzigua, karibu na ulipo mji wa Morogoro hivi leo, alihesabu maili 119. Ni mwendo wa vituo 14, lakini kwa matope na maradhi ulimchukua siku 29.

Katika siku hizo 29 watu walikula, walipika, walivunja vyungu, walilipia unga na kuku. Walilipa kwa nini? Kwa merikani na kaniki, kwa nyaya za shaba, na kwa shanga. Burton, ambaye kwa kiburi chake chote alikuwa na sikio zuri la lugha, aliorodhesha majina ya shanga kwa uangalifu ambao sisi washairi tungeuonea wivu. Shanga nyekundu yenye moyo mweupe iliitwa samesame. Iliitwa pia kimara-phamba, yaani kimaliza-chakula, kwa kuwa mtu alikuwa tayari kutoa mlo wake aipate, na hata kivunja-mji, kwa kuwa iliharibu nyumba za watu. Nilipolifungua fundo la Mjomba nilijua ninachokitazama. Sikuwahi kufikiri kwamba neno nililolikuta kitabuni lingeweza kunilalia kiganjani.

Lakini shanga ni za jana tu. Habari ya vyungu ni ndefu zaidi. Kwa miaka mingi wataalamu waliochimba pwani yetu, na Neville Chittick aliyechimba Kaole na kisha Kilwa ni mmoja wao, waliitazama miji ya Waswahili kama mbegu iliyopandwa na wageni kutoka upande wa bahari. Mgongo wao ulikuwa umeelekea bara. Mwaka 1994 Felix Chami alitoa tasnifu yake huko Uppsala juu ya pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza baada ya Masihi, na aina moja ya vyungu akaipa jina kutokana na pambo lake, michoro ya pembetatu iliyokwaruzwa udongo ukiwa mbichi. Vyungu vya ukoo huo vimeonekana Unguja Ukuu, ambako Abdurahman Juma alifanya uchimbaji wake uliochapishwa mwaka 2004. Vimeonekana Pemba, Kilwa, Lamu mpaka Ngazija. Hilo halikumshangaza mtu. Lililoshangaza ni kwamba vimeonekana pia mbali na bahari. Randi Haaland na Caroline Msuya walichapisha mwaka 2000 habari za Dakawa, kaskazini ya Morogoro, ambako vyungu vya namna hiyo vimelala pamoja na mavi ya chuma na mabaki ya uhunzi. Yaani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Stanley, mfinyanzi wa Dakawa na mfinyanzi wa Unguja walikuwa na mkono mmoja. Kama hiyo si jamaa, basi sijui jamaa ni nini.

Vigae vya Mjomba havina pembetatu. Ni vyeusi kwa masizi, na umri wao siwezi kuukisia. Nimevitaja kwa sababu hakuna aliyewahi kuja kuvitazama.

Upimaji wa kiakiolojia, kwa asiyewahi kuuona, si kazi ya maajabu. Watu hujipanga mstari mmoja, wakaachana hatua kadhaa, wakatembea taratibu wakitazama chini. Anayeona kigae husimama, mahali pakaandikwa. Penye majani mengi huchimbwa mashimo madogo ya majaribio, na mchanga hupepetwa kwa chekeche. Hivyo ndivyo maeneo mengi ya pwani yalivyojulikana, mengi yao yasiyo na ukuta wala kaburi la mnara. Jonathan Walz alitembea hivyo katika njia ya Pangani, akiacha mji wa pwani nyuma yake na kuifuata misafara bara hadi pande za Korogwe na Mombo. Thomas Biginagwa naye alichimba vituo vya misafara ya karne ya 19 katika bonde hilo hilo. Kwa hiyo jambo linawezekana. Njia inaweza kuchunguzwa kama vile mji unavyochunguzwa.

Pwani yenyewe ina ulinzi wa namna nyingi, na si vibaya kuukumbuka. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, inagusa bahari, na ndani ya eneo lake pana Saadani ya kale, bandari ya Bwana Heri aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889. Magofu ya Kua yamo katika kisiwa cha Juani, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya hatari mwaka 2004 kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakiyala, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuzuia maji na kutengeneza kuta. Anayesema kwamba ulinzi haufanyi kazi na aende Kilwa.

Hata hivyo mlinzi wa wanyama hulinda wanyama, na mlinzi wa samaki hulinda samaki. Gofu linaloangukia ndani ya hifadhi limepata bahati ya jirani mwenye bunduki. Nje ya hifadhi halina hata huyo. Hapo ndipo tunapoifikia sheria.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, ndiyo inayosimamia urithi wa Tanzania Bara. Niliisoma mara ya kwanza nilipokuwa nikitafsiri makala ya mtu, na mwaka mmoja ulinisimamisha: 1863. Jengo au kifaa kilichotengenezwa na mkono wa mwanadamu kabla ya mwaka huo kinalindwa bila ya kuulizwa. Cha baadaye hakina ulinzi wa papo kwa papo, mpaka Waziri akitangaze. Kwa nini 1863? Pengine waliotunga walirudi nyuma miaka kama mia kutoka wakati wao. Lakini tazama mwaka huo unachokikata! Unamwacha Stanley nje. Unaiacha nje misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, na reli iliyofika Morogoro mwaka 1907. Wapagazi wa njia ile, kwa sehemu kubwa, wameangukia upande mbaya wa mstari.

Sheria hiyo hiyo, kwa milango ya nakshi, imevuta mstari hadi mwaka 1940. Sisi watu wa visiwani tunaopenda milango hatuna budi kushukuru. Lakini fikiri: mlango uliochongwa Bagamoyo mwaka 1930 unalindwa, na nyumba ya mwaka 1880 iliyouvaa haina haki hiyo. Mlango umeishi miaka sabini na saba zaidi ya nyumba yake kwa kalamu ya mtunga sheria.

Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO orodha ya matarajio iliyotaja njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni orodha nzuri. Lakini kati ya Bagamoyo na Mamboya pana kimya kirefu, na Mikese imo ndani ya kimya hicho. Njia, kwa maana yake, ni kule katikati. Mtu hafiki Mamboya kwa kuruka.

Nimesema habari za misafara kana kwamba mambo yaliishia hapo. Kuna mzigo mwingine uliopita Mikese, na huu ndio unaoninyima usingizi. Majeshi ya Uingereza yaliuchukua mji wa Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Wajerumani walirudi kusini, na stesheni ya Mikese ikawa mlango wa vita vya Rufiji. Vitu vilishushwa kwenye reli, vikabebwa kwa njia ya matope kupitia Tulo na Duthumi hadi mtoni. Wanajeshi wa Nijeria, walioshuka Dar es Salaam mwezi Desemba 1916, waliteremka katika treni Mikese na kuendelea kwa miguu. Frederick Selous, mwindaji, aliuawa Behobeho tarehe 4 Januari 1917. Kaburi lake linajulikana, na pori lile kubwa lilibeba jina lake kwa miongo mingi, mpaka sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Makaburi ya wapagazi waliobeba chakula na risasi kutoka Mikese hayajulikani. Hesabu za vifo vya wapagazi wa upande wa Uingereza katika vita vile vyote zinapita 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Dar es Salaam wamebaki katika jina la Kariakoo. Mikese hawakubaki hata katika jina.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, miradi mikubwa hufanyiwa tathmini kabla ya kuanza, na urithi wa utamaduni ni miongoni mwa mambo yanayopaswa kutazamwa. Miaka kadhaa iliyopita walikuja watu wa mradi mmoja, sitautaja, wakiwa na karatasi na kamera. Walimuuliza Mjomba kama shambani mwake pana makaburi. Akawaonyesha mawili, yakaandikwa ili yalipwe fidia. Akawaonyesha mti ambao ukoo wa mama yake ulikuwa ukitambikia. Aliyeshika kalamu aliuliza mti huo unazaa matunda gani. Mjomba akanyamaza. Debe la vigae hakulitaja, na wao hawakuuliza kama jembe limewahi kugonga kitu.

Simlaumu sana kijana yule. Karatasi yake ilikuwa na nafasi ya makaburi na nafasi ya miti ya matunda. Ila huko Uluguru ardhi na matambiko hufuata upande wa mama, na mwenye habari za mahali mara nyingi ni bibi aliyekaa nyuma ya nyumba, ambaye hakuitwa. Siku moja ya kutembea kwa mstari, watu sita wakitazama chini, na jioni moja ya kukaa na bibi huyo, zingetosha kuandika ambacho sasa hakitaandikwa. Upande mmoja wa shamba lile umekwisha kuchimbwa na kufukiwa kifusi.

Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Nilipanda kwenda kumwona Mjomba. Baada ya Ngerengere kituo kinachofuata ni Morogoro, kwa hiyo ilinibidi nifike mjini kwanza kisha nirudi nyuma kwa daladala. Nilimkuta ameketi kivulini, debe likiwa pembeni. Nilikuwa nimenunua daftari la kurasa mia. Tulikaa siku mbili, yeye akitoa kigae kimoja kimoja na kusema kilitoka wapi: karibu na mfereji, chini ya mwembe, pale palipofukiwa. Mimi niliandika na kuchora. Tulipofika kwenye shanga alizihesabu mara mbili, akafunga fundo, akanirudishia kalamu iliyokuwa imeanguka. Zilikuwa kumi na moja.